Ukurasa wa Nyuma Nilioufuta

Mwandiko wangu ni mbaya, naomba mniwie radhi mapema. Herufi zangu hazitulii kwenye mstari, na yapo maneno ambayo sina hakika yanaandikwaje, maana shule niliishia darasa la saba. Naandika polepole. Ukurasa huu wa kwanza peke yake umenila asubuhi nzima. Mtakuta pia maneno niliyoyakata kwa mstari. Ningeweza kuandika kwa penseli nikasahihisha bila kuacha alama, lakini kifutio nimeacha kukitumia, na sababu ya kukiacha ndiyo ninayotaka kuwaeleza.

Ninakaa Kibeta, hapa Bukoba, kwa shangazi yangu. Yeye anauza vitumbua na chai pale getini. Mimi ninauza vitabu vilivyotumika na vitu vya zamani kwa njia ya simu: stempu, pasi za mkaa, taa za chemli, senti zile zenye tundu katikati ambazo wazee walikuwa wanazitunga kwenye uzi. Napiga picha, naweka kwenye soko la mtandaoni na kwenye makundi ya simu ya watu wanaopenda vitu vya kale, kisha nasubiri.

Nilianza kwa sababu ya mama mmoja anayeuza karanga sokoni. Siku hiyo alikuwa anachana kitabu cha jiografia, anakunja kila ukurasa kuwa kifuko. Nikaona ramani ya ziwa ikigeuka kifuko mbele ya macho yangu. Mimi ni mtu wa aibu, kuongea na mtu nisiyemjua huwa kunanitoa jasho, lakini nikajikaza.

"Mama, hicho kitabu unauza?"

"Nauza karanga."

"Mimi nataka kitabu."

"Basi nunua karanga, mwanangu. Kurasa nakupa bure, moja moja."

Watu wote pale wakacheka. Nikaondoka bila karanga wala kitabu. Kesho yake nikarudi na shangazi, na shangazi hana aibu hata kidogo. Tukatoka na vitabu vinne.

Kimoja kilinunuliwa na mtu wa Mwanza ambaye alikuwa amekisomea utotoni. Aliniandikia kwamba amekiweka karibu na kitanda. Nilisoma ujumbe ule mara nyingi. Darasani nilikuwa nikiulizwa swali ulimi unakuwa mzito, wenzangu wanacheka, mwalimu anapita kwa mwingine. Kwenye simu naweza kufikiria jibu robo saa nzima na hakuna anayejua. Nikasema kazi yangu ni hii.

Sikujua kwamba kazi yenyewe ni kujibu swali moja. "Bado ipo?" Ukiweka tangazo, mtu akibonyeza mahali fulani, simu yake inakutumia maneno hayo yenyewe. Mwanzoni nilikuwa naacha hata sahani ya ndizi nikimbilie simu. "Ndiyo, ipo, karibu." Kimya. Mwingine: "Bado ipo?" "Ipo." "Bei ya mwisho?" Nataja. "Punguza." Napunguza. Kimya mpaka leo. Mmoja aliniomba picha za kitabu cha hadithi, ukurasa kwa ukurasa, ili aone kama kuna kilichochanika. Nikapiga picha tangu baada ya chakula cha mchana hadi jua linakwenda kuzama, nikatuma zote. Akajibu, "Asante dada, nimeshakisoma. Kizuri sana."

Mwingine alinitumia maneno ya Kiingereza, nikamwomba aandike Kiswahili. Akasema, "Mhaya gani wewe hujui Kiingereza? Hao wenzako si wanaota kwa Kiingereza?" Mwingine alitaka nimpigie asikie sauti yangu, asije akatapeliwa. Nilishika simu, nikaiweka chini, nikaishika tena. Nilipokuwa bado najipanga, ameshaandika kwenye kundi kwamba mimi ni tapeli.

Kitu kimoja nilikuwa najivunia: usafi. Shuleni kwetu Muleba, kabla ya kufunga mwaka, vitabu vya kiada vilikuwa vinarudishwa kabatini, na mwalimu alikagua kila ukurasa. Ukikutwa umechora au umeandika majibu kwa penseli, unajijua. Kwa hiyo wiki ile ya mwisho darasa zima lilikuwa linafuta. Mimi, kwa kuwa sikuwa mpiga kelele, nilipewa kusimamia vitabu vilivyoshindikana. Nilikuwa na kifutio changu, na penseli ikigoma nilitumia mkate mkavu, unausugua taratibu mpaka karatasi inakuwa nyeupe. Halafu kitabu kinavalishwa jalada la kaki. Mwalimu alikuwa anainua kitabu changu juu na kusema, "Mnaona? Kitabu kisafi." Ndiyo sifa pekee niliyotoka nayo shule ya msingi. Biashara ilipoanza, kila kitabu kilichopita mikononi mwangu nilikifuta hivyohivyo.

Mwezi wa nne nilikwenda Muleba kumsalimia bibi, mama yake baba. Senene walikuwa wameanguka kwa wingi na bibi alikuwa amekaa kwenye mkeka anawanyonyoa mabawa. Babu alikuwa mwinjilisti wa Kilutheri. Alifariki nikiwa darasa la nne, na vitu vyake vilikuwa kwenye sanduku la bati chini ya kitanda.

"Panya wamekula mashati yake," bibi alisema. "Sasa wamehamia kwenye vitabu. Vichukue wewe, wewe ndiye unajua pa kuvipeleka. Biblia tu inabaki."

Bibi hajui kusoma. Biblia ile ameilaza karibu na mto wake tangu babu aondoke, imefungwa kwenye kitambaa.

Ndani ya sanduku kulikuwa na vitabu kumi na vichache. Kilichonipendeza ni kitabu cha nyimbo za kanisa cha Kihaya, jalada jekundu, kikubwa kama kiganja. Nyuma kabisa, kwenye karatasi tupu, kulikuwa na maandishi ya penseli. Mwandiko wa kuunganisha, umelala upande wa kulia, Kihaya cha zamani. Kihaya nakiongea tangu nazaliwa, lakini kukisoma sikufundishwa na mtu, na mwandiko wa namna ile macho yangu yanauona kama nyuzi. Nikaona namba kwenye mistari. Nikasema hizi ni namba za nyimbo za Jumapili, mwinjilisti lazima azipange. Nikafunga.

Nilirudi Kibeta nikapiga picha mbili, moja ya jalada na moja ya ule ukurasa wa nyuma. Ya ukurasa niliipiga kwa uaminifu tu, mteja aone kasoro asije akalalamika. Nikatuma kwenye makundi na sokoni.

Kesho yake asubuhi mtu mmoja kwenye kundi akaandika chini ya picha, "Dada, hiki kitabu kimechorwachorwa na watoto. Unatuuzia uchafu?" Akaweka vikatuni vya kucheka, vingi. Wengine wakaongeza vya kwao. Mmoja akaandika, "Labda ni dawa ya mganga hiyo, ukinunua unapotea." Nilikuwa nimekaa getini na shangazi, uso ukawa wa moto kana kwamba wale watu wamesimama mbele yangu.

Niliifuta ile picha. Simu inakuuliza kama unataka kuifuta kwako tu au kuifuta kwa wote. Nikabonyeza kwa wote. Nikalifuta na tangazo la sokoni. Simu yangu huwa imejaa, kwa hiyo nikaiondoa picha hata kwenye simu. Kisha nikachukua kifutio na mkate, nikakaa kwenye meza ya shangazi, nikasugua ule ukurasa kwa hasira mpaka karatasi ikaota manyoya. Penseli ya zamani haitoki kirahisi. Niliisugua kwa bidii yangu yote ya shule. Nikapiga picha mpya, ukurasa mweupe, nikaandika: Kitabu kisafi.

Baada ya siku tatu aliniandikia mzee mmoja, mwalimu mstaafu. Hakuniuliza kama bado ipo. Alisema alikiona kitabu kabla sijaondoa picha na angependa kukiona kwa macho. Kumbe anakaa Nshambya, naweza kwenda kwa miguu. Shangazi akaniambia, "Nenda. Mwalimu mstaafu atakula nini kwako?" Nikaenda.

Nilimkuta kwenye shamba lake dogo nyuma ya nyumba, anaanika kahawa kwenye turubai.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Ndiyo wewe wa kitabu? Mbona kwenye simu unaandika kama mama mtu mzima?"

Nilitazama chini. Akacheka, akanawa mikono, akavaa miwani. Alikipokea kitabu kwa mikono miwili, akakifungua moja kwa moja nyuma, hata jalada hakulitazama. Akageuza karatasi moja. Akageuza nyingine. Akarudi.

"Yako wapi maandishi?"

"Nimekisafisha, mwalimu."

"Umekisafisha?"

"Ndiyo. Yalikuwa ya penseli."

Alivua miwani akaketi kwenye kiti chake. Hakunifokea, na nilitamani anifokee.

"Mjukuu wangu, vitabu vya nyimbo kama hiki ninavyo vitatu humo ndani. Nilichokuwa nakitaka ni yale maandishi."

"Zilikuwa namba za nyimbo, mwalimu."

"Nani kakuambia? Zilikuwa siku na miezi. Ilikuwa mistari mitatu, na kila mstari umeanza na msalaba mdogo. Majina ya watoto. Ule wa mwisho ulikuwa mrefu kuliko mingine. Mwandishi alisema mtoto huyu alimbatiza yeye mwenyewe, nyumbani, kwa maji ya mtungi."

"Jina lake nani?"

Akafikiri. Nilimwona anafikiri kweli, midomo inacheza.

"Jina sikulishika. Nilijua kitabu chenyewe kitakuja, nitakisoma kwa raha."

"Picha hukuiweka?"

"Mimi? Simu hii alininunulia mwanangu. Kuweka picha sijui. Nilirudi kuitazama kesho yake, nikakuta pameandikwa ujumbe huu umefutwa."

Nilitembea kurudi Kibeta na kitabu changu kisafi. Niliwaza kwamba labda mzee amechanganya na picha nyingine. Nilijidanganya hivyo mpaka mwezi wa saba, baba mdogo alipompigia simu shangazi kutoka Muleba.

Kwetu wafu wanazikwa kibanjani, kati ya migomba ya nyumbani, na mwezi wa kumi na mbili ukoo mzima unarudi. Baba mdogo alikuwa ameamua kwamba Krismasi hii wakija wakute makaburi yote yamejengewa kwa saruji na kila mtu na jina lake. Bibi alizaa watoto wanane, watatu walikufa wachanga. Hao watatu makaburi yao hayakuwa na kitu zaidi ya mmea wa mulamula ambao bibi alipanda kwenye kila moja. Bibi alikuwa amesema siku zote kwamba majina yao babu aliyaandika kwenye Biblia. Baba mdogo akafungua kile kitambaa, akapekua Biblia toka Mwanzo hadi Ufunuo. Hakuna kitu.

"Mama anasema basi ni kile cha nyimbo," baba mdogo alisema kwenye simu, na shangazi alikuwa ameweka sauti kubwa. "Mwambie binti akilete. Hajakiuza, natumaini?"

Shangazi akanitazama. "Hujakiuza?"

"Sijakiuza," nikasema. Na huo ndio ulikuwa ukweli.

Njia nzima ya kwenda Muleba nilikuwa nimeshika kitabu ndani ya mkoba, kidole kikiwa kwenye ule ukurasa. Bibi nilimkuta jikoni anamenya ndizi. Baba mdogo alikuwa nje anapanga matofali. Nilipiga goti nikamwamkia bibi. Akafuta mikono kwenye kanga.

"Umekuja nacho?"

"Nimekuja nacho, bibi."

Akakipokea. Akaenda mwisho wa kitabu, akapitisha kidole kwenye karatasi kama mtu anayetafuta sindano kwenye nguo.

"Ni hapa?"

"Ni hapo."

"Mbona peupe?"

Hajui hata a, lakini peupe alipaona.

"Nilifuta, bibi."

"Ulifuta nini?"

"Nilidhani ni namba za nyimbo."

"Na kama zingekuwa namba za nyimbo, zilikuwa zinakula nini kwako?"

Baba mdogo alikuwa amesimama mlangoni na tofali mkononi. Bibi akalalama polepole, "Maawe," kisha akaniuliza swali ambalo bado linaniuma ninapoandika. "Walimu wako walikufundisha kufuta kabla ya kusoma?"

Baba mdogo alijaribu kutuliza mambo. "Mama, majina si unayakumbuka?"

"Wawili nawakumbuka, niliwabeba mgongoni." Akayataja, la kwanza na la pili. Sitayaandika hapa, ni ya kwake. "Huyu wa tatu sikumbeba. Nilijifungua nikapoteza fahamu. Siku ya pili nilipofumbua macho, baba yenu alikuwa ameshamzika. Akaniambia, alikuwa hai mpaka alfajiri, nikaona anaondoka, nikambatiza. Nimemwandika."

"Hukumwuliza jina?" baba mdogo akauliza.

"Ningeuliza, ningelia, na yeye angelia. Nikasema nitauliza mwaka ujao. Ukaja mwaka, nikaona aibu kuamsha jambo. Nikasema, si ameandika? Siku mjukuu mmoja atakapojua kusoma vizuri, atanisomea."

Huyo mjukuu alikuwa mimi. Nilikuwa naye nyumba moja miaka yote ya shule ya msingi, namsomea barua, namsomea maandishi ya dawa za hospitali. Hakuniambia nimsomee hilo, labda alikuwa ananisubiri nikue. Kama nimerithi aibu yangu kwa mtu, nimerithi kwake.

"Basi kwa huyo tuandike Mtoto," baba mdogo akasema. "Inatosha, mama."

"Hata mbuzi ana mtoto. Wangu alikuwa na jina."

Tulikwenda usharikani. Karani alikuwa mtu mwema, akatutolea daftari la zamani la ubatizo na kutuonyesha wawili wa kwanza. Wa tatu hayumo. Akasema aliyebatizwa nyumbani kwa dharura alitakiwa kuja kuandikishwa, na pengine babu hakuja kwa sababu mtoto alikuwa ameshazikwa na mke wake yu mahututi kitandani. Nikarudi nikajaribu ukurasa wenyewe. Asubuhi jua likiingia dirishani nikauinamisha, nikaona mikwaruzo ya misalaba mitatu, na kwenye mstari wa mwisho kitu kama E au labda L. Basi. Babu alikuwa na mkono mwepesi na mimi nilikuwa na mkono mzito. Ningekuwa mvivu wa kusafisha kama wenzangu darasani, leo bibi angekuwa na jina.

Ndipo nikakumbuka watu wa Bado ipo. Kama ile picha ilikuwepo makundini siku nzima na usiku wake, zipo simu ambazo zinahifadhi picha zenyewe bila kuambiwa. Ukifuta kwa wote, kwenye maongezi inaondoka, lakini kwenye simu ya mtu inaweza kubaki. Nilikuwa na orodha ya walioniuliza kuhusu kile kitabu, watu ishirini na mmoja. Nikaanza kuwaandikia mmoja mmoja. Mimi ambaye nilikuwa nawalaani, sasa mimi ndiye nikawa nauliza: Samahani, ile picha ya ukurasa wa nyuma, bado ipo?

Majibu yalikuja kama nilivyostahili.

"Dada, mimi nilibonyeza kwa bahati mbaya."

"Sasa hivi unauza picha? Bei ya mwisho?"

"Wewe si yule tapeli?"

Wengi walinyamaza, na nilijifunza kwamba kunyamaziwa kunaumiza zaidi ukiwa unatafuta kitu cha kweli. Mama mmoja wa Karagwe akaandika, "Ninayo!" Nilisimama, nikaita shangazi. Picha ikafunguka taratibu, mtandao unasuasua, rangi nyekundu inaonekana juu, inashuka, inashuka. Ilikuwa jalada. Aliweka jalada kwa sababu lilifanana na la mama yake. Nikamshukuru, nikaenda nyuma ya nyumba.

Yule aliyenicheka nilimwacha wa mwisho. Niliandika ujumbe wake kwa siku mbili. Nilimweleza yote, bibi, mulamula, maji ya mtungi. Nilitegemea vikatuni. Akaandika bila kikatuni hata kimoja.

"Dada, pole. Mimi simu ile ilianguka majini. Lakini niseme ukweli, ile picha niliituma kwenye kundi lingine tucheke. Kule na wao waliituma kwingine. Sijui ilifika wapi."

Nilikasirika. Halafu, nikiwa bado nimekasirika, nikaelewa alichoniambia. Picha ilitoka. Kicheko kile kimeisambaza mahali ambapo kidole changu hakikufika kufuta. Kwa hiyo kuna simu fulani, ya mtu ambaye hanijui, ambayo ndani yake mtoto wa bibi yangu ana jina.

Tulimwomba huyo bwana atuunganishe na watu wa lile kundi. Alijaribu, nampa haki yake, lakini kundi lilikuwa limevunjika na namba nyingi hana. Nilikwenda tena Nshambya kwa mwalimu mstaafu. Alinipa kikombe cha chai na simu yake niipekue, picha haikuwemo. Akanisikiliza, akasema, "Wewe kuongea huwezi. Basi andika. Andika yote, mimi nitatafuta mahali pa kuyachapisha." Nikamwambia mwandiko wangu ni mbaya. Akasema, "Mwandiko wa babu yako ulikuwa mzuri, na umeufanya nini?" Akacheka peke yake, kisha akaniomba radhi kwa utani huo. Lakini aliponipa daftari alinipa na kalamu ya wino.

Fundi ameshamaliza kazi. Kaburi la kwanza lina jina, la pili lina jina. La tatu limejengewa vizuri sawa na mengine, na juu yake pameachwa kibao cha saruji ambacho hakijaandikwa, maana bibi alisimama pale na fimbo yake mpaka fundi akakusanya vyombo vyake. Kitabu cha nyimbo sasa kiko kwenye kile kitambaa pamoja na Biblia. Hajanirudishia, na sijakiomba. Nikienda kumsalimia ananipa chakula kama zamani, ila hajaniambia tena nimsomee kitu chochote. Karatasi zake za dawa anamngoja baba mdogo.

Biashara bado naifanya, sina nyingine. Vitabu vikija na maandishi ya penseli navitangaza navyo hivyohivyo, na kila wiki yupo anayeandika kwamba nimeleta uchafu. Simjibu.

Sasa ninyi mnaosoma. Tazameni kwenye simu zenu, kwenye zile picha mlizotumiwa mkacheka mkasahau. Ni ukurasa mmoja uliogeuka kahawia kidogo, umelazwa kwenye kitambaa cha meza cha plastiki chenye michoro ya mananasi. Kwenye kona ya chini linaonekana dole gumba langu, lina plasta. Kuna mistari mitatu ya penseli, mwandiko umelala kulia, kila mstari umeanza na msalaba mdogo. Wa mwisho ni mrefu. Kama ukiusoma na kukuta neno mtungi, ni wenyewe.

Niandikieni kupitia kwa aliyechapisha haya, yeye anajua pa kunipata. Niandikieni hata kama mna nusu tu ya picha, au kama mnakumbuka jina bila picha. Na kama huna kitu, niandikie hivyo, neno "sina" linatosha, ili nikukate kwenye orodha niendelee na mwingine. Kabla ya Krismasi ikiwezekana, watu wote watakuwa wamerudi. Msijali mwandiko, na mkikosea msifute. Nami sitawasumbua kwa maneno mengi, nitauliza lile moja tu ambalo nililichukia: bado ipo?